Kamati ya Kustaafisha Kompyuta kwa Heshima

Jumatatu moja, saa nne kamili asubuhi, Mkurugenzi wa Idara ya Uratibu wa Programu Huria alisimama mbele ya kipaza sauti akatangaza kwamba uzee umekomeshwa. Si uzee wa binadamu, la hasha. Huo uko chini ya wizara nyingine. Alikusudia uzee wa kompyuta. Kuanzia toleo lijalo la programu inayoendesha mashine za ofisi, shule na zahanati zote za umma, kompyuta yoyote iliyotimiza miaka kumi na mitano haitahudumiwa tena.

"Hatuzifukuzi," alisema kwa sauti ya upole. "Tunazistaafisha kwa heshima."

Watu wakapiga makofi. Makofi yalikuwa kwenye ratiba, kipengele cha saba.

Programu yenyewe haikuandikwa na Idara. Iliandikwa na watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine za kuwaweka mjini, waliokaa nayo wakitoka kazini. Idara iliwaratibu, yaani iliwaandikia barua. Upande wa mashine kuukuu ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu, fundi redio ambaye wenzake walimbatiza Kiraka, maana hakuwahi kuona kitu kibovu akakiacha kilivyo. Kila toleo jipya lilipotoka, Kiraka ndiye aliyehakikisha kwamba vikongwe navyo vinawaka.

Na kusema kweli, Kiraka ndiye aliyeyaanzisha yote haya. Miezi mitatu nyuma alileta barua ya mistari miwili: kompyuta yake ya majaribio imeungua, anaomba Idara imwazime moja ya zamani kutoka stoo. Mkurugenzi aliisoma barua hiyo kwa uchungu wa kiongozi. Kuazimisha kompyuta moja kulihitaji sahihi nne. Kuzistaafisha kompyuta zote za zamani nchini kulihitaji sahihi moja, tena yake. Basi akaunda Kamati ya wajumbe kumi na mmoja, ambao mdogo wao alikuwa na wajukuu sita, wachunguze tatizo la vitu vilivyopitwa na wakati.

Watu wa kujitolea walikuwa na desturi yao: jambo linabandikwa kwa siku thelathini, na asiyepinga amekubali. Kamati iliipenda sana desturi hiyo, ikaiboresha. Ili kuwazuia wapiga porojo, pingamizi lazima litumwe kutoka kwenye mashine ileile inayotetewa. Na kwa sababu za usalama, fomu ya pingamizi isifunguke kwenye mashine iliyopitiliza umri. Mkurugenzi alizisoma kanuni hizo mbili mara tatu, na kila mara alizidi kujipenda.

Siku ya ishirini akapigiwa simu na dada yake, nesi wa zahanati iliyoko nyuma ya soko. Zahanati hiyo ilikuwa na kompyuta moja, ya miaka kumi na tisa, na ndani yake mlikuwa na majina ya watoto elfu mbili na tarehe zao za chanjo.

"Kaka, mkiikata mashine yetu, hawa watoto nitajuaje nani amechanjwa na nani bado?"

"Jaza fomu ya pingamizi, dada yangu."

"Haifunguki."

"Umejaribu lakini?"

"Wiki nzima! Kila nikibonyeza inaniambia, 'Umestaafu kwa heshima. Unashukuriwa kwa utumishi wako.'"

Mkurugenzi alitabasamu. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe, kwa mkono wake.

"Sasa si unaona? Imeshukuriwa."

"Kaka, mimi sitanii. Mtoto akipitwa na sindano ya surua, mama yake nitamwambia nini? Kwamba kashukuriwa?"

"Yaandikeni kwenye daftari."

"Tuko manesi wawili, watoto elfu mbili! Hivi unanisikia kweli?"

Simu ikakatwa. Mkurugenzi alisikitika kidogo, maana ni dada yake wa tumbo moja. Kisha akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa faili: mdau ameelimishwa.

Siku ya thelathini Kamati ilikutana kuhesabu mapingamizi. Yalikuwa sifuri. Ikabainika kwamba wananchi wameridhika kwa asilimia mia moja, kiwango ambacho hakijapata kufikiwa na idara yoyote. Kiraka naye alikuwepo, amekaa karibu na mlango na mfuko wake wa bisibisi. Akanyoosha mkono.

"Mzee, kuna mashine moja hapo chini stoo, ina miaka kumi na minane. Mngeangalia kwanza inafanya kazi gani."

"Bwana Kiraka, kanuni haina shemeji wala mjomba."

"Haya, mzee. Mimi nimeshasema."

Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba ameshasema. Ijumaa toleo jipya likasambazwa.

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi aliweka kadi yake langoni na lango likakataa. Akaifuta kwenye koti, akaiweka tena. Mlinzi akatoka kibandani.

"Shikamoo, mzee. Jina lako halipo."

"Halipo vipi? Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Ulikuwa. Hapa kwenye kioo inasema umestaafu." Mlinzi akainama asome vizuri. "Tena kwa heshima."

Umri wake wa kustaafu ulifika miaka sita iliyopita, na jambo hilo walilijua yeye, Kiraka na ile mashine ya stoo. Kila tarehe mosi mashine hiyo ilikuwa ikimwongezea mwezi mmoja kazini, kwa manufaa ya umma, kama yeye mwenyewe alivyomwomba Kiraka apange, bila kuuliza atatumia mashine ipi. Jana yake ilikuwa tarehe mosi, na mashine imezimika. Kompyuta mpya ya ghorofani, inayotunza orodha ya wafanyakazi na kufungua lango, ilisubiri taarifa kutoka chini, haikuiona, ikatazama tarehe yake ya kuzaliwa na kupiga hesabu.

Alimkuta Kiraka zahanati. Benchi lilikuwa limejaa kina mama na watoto, na kompyuta ya miaka kumi na tisa ilikuwa inaunguruma mezani, ikitoa kadi moja baada ya nyingine.

"Hii mbona inafanya kazi?"

"Programu ni huria, mzee. Yeyote anaruhusiwa kuichukua akaitengeneza anavyotaka. Nimechukua toleo la zamani, naliendeleza hapahapa." Kiraka alimwonyesha nesi kwa kidevu. "Dada yako kaniazima mashine ya majaribio. Sahihi moja tu."

"Basi nitengenezee na ile ya stoo."

"Kwa moyo mmoja. Nifungulie stoo."

Mkurugenzi alitoa kadi yake, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Basi nitakata rufaa. Niwekee hiyo fomu hapa."

"Rufaa ina siku thelathini, fomu ni ileile. Lakini lazima itoke kwenye mashine inayotetewa, mzee. Na ile haiwaki."

"Nani mpumbavu aliyetunga kanuni hizi?"

Kiraka alirudi kwenye kibodi. Nesi alimtazama kaka yake, akamhurumia kweli, maana ni wa tumbo moja.

"Kaa pale mwisho wa benchi, kaka," alisema. "Umewazibia njia wenye watoto."

Siku thelathini zilipotimia, Kamati ilikutana chini ya mwenyekiti wa muda. Ilibaini kwamba hakuna pingamizi lililopokelewa kuhusu mashine ya stoo, wala kuhusu Mkurugenzi aliyestaafu pamoja nayo, hata kutoka kwake mwenyewe. Ikaandikwa kwamba mhusika ameridhika kwa asilimia mia moja. Wajumbe wakafika kipengele cha saba, wakapiga makofi.