Ombi la Kubadilishana Jiko Letu na Ofisi Yako

Kwa Ndugu Meneja wa Majengo,

Natumai barua hii inakukuta mzima, umeketi, na umenyoosha miguu. Miguu nimeitaja kwa makusudi. Mimi ni mpangaji wako wa ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, yule dereva mstaafu wa lori la tela ambaye umezoea kumwita Mzee wa Breki. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu chumba ambacho tangazo lako lilikiita "jiko la kisasa lenye nafasi". Usasa tumeuona. Nafasi tumeitafuta, mimi na mke wangu, mpaka nyuma ya jokofu, na hatujafanikiwa.

Kabla ya malalamiko nitangulize pongezi. Watu wengi hujenga kabati wakaliita kabati. Wewe ulijenga kabati, ukalitilia bomba na taa, ukaliita jiko, na uso wako ukabaki mkavu. Si kila mtu amejaliwa moyo huo.

Sasa naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba, maana humo jikoni hakuna kingine kinachopangika.

1. Mlango wa jiko na mlango wa oveni haiivani. Ukiufungua wa oveni, ule wa jiko haufunguki, na aliyemo ndani ni mfungwa mpaka kilichomo kiive. Mke wangu aliwahi kufungwa hivyo na mkate. Simu yake ikalia sebuleni, nikampokelea, nikawa nampelekea kwa sauti, kupitia mlangoni, maneno ya dada yake kuhusu ndoa ya huyo dada inayoyumba. Kinyozi wa mlango wa pili alituletea pole kabla simu haijakatwa.

2. Vyombo. Mke wangu ni mtunza stoo wa hospitali. Ni mwanamke anayeweza kukipata kifurushi cha bandeji gizani, na hata yeye jiko lako limemtoa jasho. Sufuria amezitundika darini, nami nina uvimbe wa kila ukubwa kichwani kuthibitisha. Mifuniko inakaa nyuma ya mlango. Unga, sukari na majani ya chai ni wapangaji wa oveni, na tukitaka kuoka huhamishiwa kitandani. Sahani za wageni ziko mvunguni, upande wangu. Mgeni akifika, jambo la kwanza analoliona ni mimi nimepiga magoti chumbani nimeinamisha kichwa. Mmoja alivua kofia akasubiri nimalize kusali.

3. Mimi nimerudisha tela nyuma hadi mlangoni mwa ghala, mvua inanyesha, kioo cha pembeni kimevunjika, na sikugusa ukuta. Jikoni mwako nimegusa kila kitu, vingine vikiwa vya moto. Ikabidi mke wangu atunge sheria za barabarani: aliyebeba cha moto ana haki ya njia, na anayerudi nyuma atoe sauti. Tulipomwita fundi wako, yule mnayemwita Sentimita, alilipima jiko, kisha akanitazama mimi, akasema tatizo haliko kwenye jengo. Nilimwomba aniandikie maoni hayo kwa kalamu na sahihi yake. Akakumbuka ana bomba linavuja kwingine.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na naomba ulisome polepole.

Mama mkwe wangu amehamia kwetu baada ya kupasuliwa macho. Mkwe, Ndugu Meneja, ni mtu wa kusalimiwa kwa mbali, umevaa shati, umefunga vifungo. Katika jiko lako "kwa mbali" haipo. Na kumwambia akae sebuleni haiwezekani. Mtu aliyepikia watu maisha yake yote hakubali kuletewa chai kama mgonjwa, hasa akiwa mgonjwa. Mke wangu hushinda kazini. Mchana nyumbani tunabaki wawili: mama asiyeona vizuri kisu kilipo, na mimi.

Mwanzoni nilijaribu kulinda heshima. Nilisimama kwenye ujia, nikawa nampitishia vitu kwa mkono ulionyooshwa, uso nimeugeuza pembeni. Akaifuata sufuria ya maharage kwa kupapasa, akaukosa mpini, ikapinduka. Maharage yaliishia kwenye mguu wangu kwa sababu nilirukia katikati. Yangemwagikia yeye, leo ningekuwa naandika barua ya namna nyingine, na si kwako.

Tangu hapo nasimama naye ndani, mgongo kwa mgongo, kama watoto wanaopimwa urefu. Ananiamuru kwa upole wa mkuu wa gereza. "Vitunguu hukatwa, baba, havipasuliwi kama kuni." Nikitoa machozi ananiuliza binti yake amenifanya nini. Namjibu ni vitunguu. Haamini.

Siku moja, bila kugeuka, aliniuliza kama ni kweli kila kituo cha malori nilikuwa na mke. Swali hilo, Ndugu Meneja, nililikwepa tangu posa. Kila alipokaribia kuliuliza nilikuwa na safari. Na kama sikuwa nayo, niliitafuta. Safari hii nilikuwa na jokofu kulia, sinki kushoto, na kati yangu na mlango alikuwepo yeye. Nikamjibu ukweli: kwamba sikuwa naye hata mmoja, kwamba nilikuwa nalala kwenye kiti cha lori na mkate mkavu kifuani, na kwamba kilichokuwa kinaniogopesha nyumbani ni yeye. Akakoroga mboga, akaionja. Kisha akasema chumvi haijakolea, niongeze.

Nauliza: ni kifungu kipi cha mkataba kinachoruhusu jengo lako kumhoji mpangaji?

5. Kwa kuwa mimi ni mtu wa suluhisho, napendekeza tubadilishane. Ofisi yako iliyo chini ina birika, viti viwili na ua la plastiki, na humo ndani mtu anaweza kutupa mikono akashangaa. Sisi tutapikia humo. Faili zako ni nyembamba, zitaenea jikoni kwetu bila shida, na ukiwa na mgeni utampokea kwa zamu. Bomba tunakuachia. Ukiona ombi hili zito, basi vunja ukuta tumege chumba cha kulala cha kinyozi. Yeye ni mseja, anakula mkahawani, na chumba kizima cha nini kwa mtu anayelala usingizi tu? Sijamshirikisha bado. Nilidhani itapendeza akisikia kutoka kwako.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa getini, Sentimita na bomba lake, pamoja na wote nyumbani kwako, hasa wale wanaopika wakiwa wamesimama wima.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu, niliyejibana,
Mzee wa Breki

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekuja na gari kumchukua mama. Kwake jiko ni ukumbi. Lina meza katikati, na unaweza kuizunguka ukachoka. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Mwanangu, kwako nikiita jikoni nasikia sauti yangu inanirudia. Hapa nikinyoosha mkono namshika mtu." Shemeji amenitazama kama mwizi, ameondoka na gari tupu, na begi la mama nimelirudisha chumbani mimi mwenyewe. Kwa hiyo naomba usihamishe faili hata moja, na kinyozi mwache alale. Ningekuandikia barua nyingine ya kuifuta hii, ila mama ameshaweka mafuta motoni na ananiuliza viazi viko wapi.