Uzinduzi wa Akili Unde katika Wodi ya Masikio

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, Waheshimiwa wajumbe mliopata viti na mliokosa, Daktari wetu wa masikio, wauguzi, wagonjwa wa ndani na wa nje, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa ihesabike imezingatiwa. (Makofi.)

Nimesimama mbele yenu, mimi Mkurugenzi wenu mpenda watu, katika wodi hii ambayo hadi jana ilikuwa na vitanda, kuzindua rasmi Mradi Jumuishi wa Akili Unde katika Mipango ya Upasuaji wa Sikio, yaani akili ya kompyuta ambayo, kwa mujibu wa strateji, fremuweki na dira yetu ya kidijitali, itazisoma picha za kichwa cha mgonjwa, itaupaka rangi mshipa wa fahamu unaoendesha uso, na kumwonyesha Daktari pa kupitisha keekee yake mfupani bila kumwacha mtu na mdomo uliopinda. (Makofi. Daktari anatazama saa.) Ufanisi wa mradi, ndugu zangu, umeshafikia asilimia mia na kumi na mbili, na malalamiko ya waliopasuliwa kwa msaada wake ni sifuri kabisa, takwimu ambayo hata wenzetu walioendelea hawajaifikia. (Vigelegele kutoka safu ya wajumbe.)

Wapo wanaobeza. Daktari alinijia ofisini akadai kwamba picha za binti huyu aliyeketi hapa mbele ameshazisoma kwa macho yake mwenyewe, kwamba ugonjwa unakula mfupa, sikio la kushoto limeshakwenda na la kulia linafuata, na kwamba angeweza kumpasua siku ileile. Nikamwambia, kwa upole wa kiuongozi, kuwa sikio halipiti kichwa, na kichwa cha hospitali hii ni mimi. Hapo hapo nikaagiza kwamba hakuna sikio litakaloguswa kabla ya uzinduzi, tusije tukamtibu mgonjwa wa kwanza wa mradi kabla ya mradi. (Minong'ono.)

Namwona mama yake amesimama. Sema, mama, sisi ni watu wa uwazi. ("Mheshimiwa, mwanangu hajala tangu jana, maana tuliambiwa leo anapasuliwa. Anaingia saa ngapi?") Swali zuri sana, linaloonyesha mwamko wa wananchi. Jibu lake ni la kitaalamu: mchakato ni endelevu. Mpe mtoto chai. (Mama haketi.)

Kabla sijashuka, tuitikie kaulimbiu yetu. Mgonjwa kwanza! (Wajumbe: "Uzinduzi kwanza!") Sikio salama! (Wajumbe: "Kiongozi salama!")

Nimshukuru Daktari kwa kutuachia chumba cha upasuaji, ambamo wageni wetu watapata chakula cha mchana. Kwa namna ya pekee niishukuru Kamati iliyoubunia mradi huu jina, kazi nzito iliyomaliza kipindi chote cha utekelezaji. Na kwa kuwa jina sasa tunalo, kuanzia kesho tutaanza kuulizia mtambo wenyewe unapatikana wapi, na kama upo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Anayepiga makofi ni binti peke yake. Ameona midomo ya Mkurugenzi imeacha kwenda.)