Wiki ya Kushusha Presha

Jumatatu, 4 Agosti
Tumefika kisiwani, mimi na mke wangu, kwenye nyumba ya wageni. Kimya kizito, hadi nikajisikia nikimeza mate. Daktari wa mjini kanileta huku kwa barua: presha mia na sitini, apumzike, apimwe tena Ijumaa kwenye zahanati ya kisiwa. Isiposhuka chini ya mia na arobaini, cheo cha mkuu wa masjala atapewa karani mdogo, yule anayepanga mafaili kichwa chini miguu juu. Miaka kumi na tisa natunza majalada ya watu!

Nimeazimia kupumzika kwa bidii kuliko mgeni yeyote. Barazani kuna kiti kimoja tu cha kujinyoosha, kinatazama bahari. Kakikalia bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa chumba cha pili. Mke wangu kasema mkeka upo.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeamka alfajiri kukiwahi. Mwalimu yupo, anakunywa chai. Nikamwambia kwamba mwenye nyumba anamwita. Kumbe alikuwa anamtafuta kweli, ampe mto wa kuegemea. Sasa ana kiti na mto. Kanishukuru sana.

Saa nne bahari ikaondoka. Sijui niandikeje. Maji yalirudi nyuma, yakarudi, yakarudi, mpaka sakafu ya bahari ikabaki wazi, na mabonde yake na vijia vyake, na mbali kabisa fungu la mchanga mweupe. Nina miaka hamsini na moja na sikujua kuna kitu kama hiki. Nilisahau kiti kwa dakika kumi nzima.

Jumatano, 6 Agosti
Mwalimu alipoingia kuoga, nikakitwika kiti kichwani na kushika njia ya fungu. Huko hanifuati mtu. Akanipigia kelele dirishani kwamba maji hayarudi kwa mbele, huzunguka nyuma kwanza. Nikamjibu mtu mzima hafundishwi kukaa.

Nikalala. Kuamka, maji pande zote. Fungu lilikuwa la ukubwa wa chumba, halafu wa meza. Nikasimama juu ya kiti. Kuogelea sijui.

Hapo wakaja samaki wadogo, maelfu, wakapita chini yangu wote kwa pamoja, wakageuka kwa pamoja. Kisha kasa, mpana kama beseni la kufulia. Akatoa kichwa, akavuta pumzi, akanitazama bila haraka. Nami nikavuta pumzi. Nikawaza: Mungu wangu, haya yapo kila siku, na mimi nipo masjala. Machozi yalinitoka, naandika bila haya. Cheo sikukikumbuka hata kidogo.

Mke wangu na mwalimu walinifuata kwa mtumbwi wa mwenye nyumba, mwalimu ndiye aliyepiga kasia. Mke wangu akakipakia kiti, akakishikilia njia nzima. Chumbani aliyasema yote.

Alhamisi, 7 Agosti
Mwalimu kanipa kiti mwenyewe, na mto juu yake. Nikakaa kutwa nikiangalia maji. Sikupanga hila yoyote, nilikuwa namtafuta kasa tu. Mke wangu kaniuliza mara mbili kama naumwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Zahanati, asubuhi. Mia na ishirini na nane! Muuguzi akanipa hongera. Mke wangu akafumba macho, akashukuru. Mambo yalikuwa yamekwisha, kalamu iko mkononi mwa muuguzi.

Mwalimu naye alikuwa ametoka kupimwa. Nikamuuliza yake, kwa adabu tu. Mia na kumi na tisa. Ana miaka sabini na mbili! Nikamwambia muuguzi kitambaa cha mashine kilinibana vibaya, anirudie. Mia na thelathini na saba. Mke wangu akanivuta shati. Nikadai mkono wa kushoto. Mia na hamsini na moja. Muuguzi akasema utaratibu wao ni kuandika kipimo cha mwisho. Akaandika, akagonga mhuri.

Boti ni kesho. Nimejifungia chumbani naandika malalamiko kwa mganga mkuu, kwamba mashine ya zahanati hii inapendelea walimu. Niko ukurasa wa tatu na hoja bado zinakuja. Mke wangu ananiita barazani, bahari inaondoka tena, na anasema kuna kasa wawili. Nimemwambia wanisubiri.