Profesa na Kompyuta Isiyosafiri

Waliomfahamu kidogo walimwita Profesa. Waliomfahamu vizuri walikuwa wakimtafuta.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye duka la fotokopi, akijitengenezea kitambulisho cha kampuni ambayo haikuwahi kuwepo, alipomsikia mwanamke mtu mzima akimlalamikia mwenye duka.

"Nikiiwasha ile kompyuta, naingia kuoga, navaa, narudi, bado inazungusha kiduara. Halafu inanipeleleza! Nilitafuta viatu mara moja tu, sasa viatu vinanifuata kila ukurasa, hata kwenye matangazo ya vifo."

Masikio ya Profesa yakasimama. Mama mtu mzima, kompyuta nyumbani, na hofu juu yake. Mungu akupe nini tena?

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ya daktari wa watoto. "Samahani, nimesikia bila kukusudia. Hiyo kompyuta imevamiwa."

"Marahaba, mwanangu. Imevamiwa na nani?"

"Na programu za kijasusi. Kampuni yetu inazing'oa. Mwezi huu ni bure, tunaihudumia jamii."

"Bure kabisa?"

"Kama hewa, mama."

Mama akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, bila haraka. "Basi twende," akasema.

Mpango ulikuwa mwepesi: aseme maneno mawili matatu ya kitaalamu, atangaze kwamba mgonjwa anahitaji kulazwa maabara, aibebe kompyuta, na dunia ni pana. Sebuleni, ghorofa ya tatu, aliikuta mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akaiwasha, akaguna, akatikisa kichwa.

"Mama, hali ni mbaya. Lazima niondoke nayo."

"Haiendi popote. Ina picha zote za marehemu mume wangu. Itibu hapahapa." Akafunga mlango, akautia ufunguo kifuani. "Wezi wamezidi mtaa huu."

Profesa akaketi. Kompyuta alikuwa akiijua kama anavyoijua mbingu: kwa kusikia. Akaanza kubonyeza bonyeza. Mama akavuta kiti, akavaa miwani.

"Hicho unachotaka kukifuta ni nini?"

"Hiki? Mdudu."

"Hicho ndicho kinachoendesha printa yangu. Kiache. Hebu fungua orodha ya programu zote. Hapo. Tuanzie juu."

Wakaanzia juu. Kulikuwa na programu tatu za kusafisha kompyuta, kila moja ikizishutumu nyingine mbili kuwa ni virusi, zikaondoka zote. Ikafuata michezo ya karata ambayo hakuna aliyeicheza. Zile zilizojiwasha zenyewe kila asubuhi zikazimwa. Kwenye kivinjari waling'oa viongezo visivyo na mwenyewe, wakafuta vidakuzi, zile kumbukumbu zilizoleta viatu kila ukurasa, wakazinyima tovuti ruhusa ya kujua mama yuko wapi. Walipoizima na kuiwasha upya, ilifunguka kabla Profesa hajamaliza kupiga chafya. Yeye ndiye aliyeshangaa zaidi.

Mama akapiga simu mbili tatu, na punde mlango ukagongwa; akaufungua. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini aliingia na laptopu kwapani, nyuma yake muuguzi, nyuma yake mwalimu na wengine. Mama aliwapokea mmoja mmoja, akinong'ona nao kidogo pale mlangoni.

Profesa akahesabu: laptopu saba. Moyo ukamwenda mbio kwa furaha. "Ndugu zangu, hizi zote ni za maabara!"

"Kila mtu atakaa na yake," mama akasema. "Anza na ya fundi."

Basi akafanya kazi. Alifuta, akazima, akang'oa, jasho likimtiririka mgongoni, wenye mali wamemzunguka kama wafiwa. Kufikia ya tano hakuwa akiuliza tena. Vidole vilikwenda vyenyewe.

Jioni, fundi cherehani akamshika mkono. "Asante sana. Na bei yenu nafuu! Mjini walitaka mara mbili."

"Bei?" Profesa akageuka. Mama alikuwa akifunga pochi yake, imevimba.

"Mama, na mimi?"

"Wewe si ni bure, mwanangu? Au nimpigie mkuu wa kampuni yenu nimuulize?"

Profesa akaanza kusogea mlangoni.

"Miaka thelathini nimefundisha kompyuta," mama akasema kwa upole. "Kichwa bado kizima, vidole ndivyo vilivyokakamaa. Nilikuwa natafuta mikono. Ulipokishika kipanya kama sabuni nikajua: huyu si fundi, lakini anafundishika." Akamfungulia mlango.

Profesa alishuka ngazi mikono mitupu. Getini mzee mmoja akamsimamisha, laptopu mkononi.

"Kijana, wewe ndiye yule fundi anayeondoa programu za kijasusi?"

Swali kama hilo Profesa alikuwa ameshalijibu mara mia bila kupepesa macho. Lakini leo jibu la ndiyo lingekuwa la kweli, na hakuwa na mazoezi ya kusema kweli. Alimtazama mzee, akatazama laptopu, kisha akatimua mbio.