Mjukuu Wangu Amekataa Kuenea Kwenye Machela

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Shikamoo. Najua nimekuzidi umri, lakini cheo nacho kina mvi zake. Nakuandikia kumshitaki mjukuu wangu wa miaka miwili, ambaye juzi alilidhalilisha gari lako la wagonjwa mbele ya majirani zetu wote.

Mtoto alibanwa na kifua, mbavu zikawa zinazama kila akivuta pumzi. Tukapiga simu. Gari likaja na king'ora chake kama linaleta bibi harusi. Hapo ndipo utovu wa nidhamu ulipoanza:

1. Mtoto alikataa kuenea. Mkanda wa kifuani ulimkaba shingo, wa miguuni ukafunga godoro tupu. Barakoa ya oksijeni ilimfunika uso mzima, hewa ikavujia masikioni. "Babu," mhudumu akaniambia, "vifaa vyetu ni vya watu wazima. Huyu hana saizi." Mtoto hakuomba hata radhi.

2. Kanuni ya gari, nikaelezwa, ni kwamba haliondoki mpaka machela iwe na mtu aliyefungwa mikanda yote. Kanuni njema sana! Basi akafungwa mke wangu, bibi yake mtoto, aliyekuwa buheri wa afya akifua nguo, na mtoto akawekwa juu ya tumbo lake kama kifurushi. "Jamani, mimi siumwi!" akapiga kelele. Dereva akamtuliza: "Mama, wagonjwa wote husema hivyo."

3. Hospitalini walimpokea aliyefungwa mikanda, kama inavyostahili. Mke wangu akatundikiwa dripu, akavishwa barakoa, akapimwa presha, akaonywa kuhusu chumvi. Mtoto akaandikwa msindikizaji. Lakini kila nesi alipogeuka, bibi yake aliivua barakoa akamwekea mjukuu puani. Mtoto akapata nafuu kwa hewa ya wizi! Tunalea kizazi gani, Mheshimiwa?

4. Hajui kujieleza. Ukimuuliza anaumwa wapi, analia. Ukimuuliza tangu lini, analia zaidi. Nimesoma vitabu vingi maishani. Sijapata kuona maelezo dhaifu namna hiyo.

Kwa hiyo naomba watoto wote wapigwe marufuku kuumwa hadi watakapofikia urefu wa machela. Asiyeweza kusubiri, akue upesi. Wakorofi watakuambia ni rahisi kununua barakoa ndogo kuliko kurefusha watoto wa nchi nzima. Usiwasikilize, hao hawakosi la kusema. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi naongeza: mnyooshe pia, mpaka aenee.

Nisalimie dereva, wahudumu, manesi, na mlinzi wa getini aliyempa mke wangu pole ya ugonjwa asiokuwa nao. Mke wangu naye anakusalimu. Chumvi ameacha.

Wako, mtiifu kwa mikanda yote,
Babu wa Mshitakiwa

Nyongeza: Sijaifunga bahasha, na mtoto amebanwa tena. Nimepiga simu nikasema mgonjwa ni mimi, mtu mzima, mnene, naenea vizuri. Gari liko njiani. Nimeshalala hapa mlangoni, mtoto nimemficha ndani ya koti, na barua hii nitakukabidhi mwenyewe. Mganga Mkuu, yote niliyoandika hapo juu yafute. Nikifika usinipime presha. Fungua koti.