Harufu ya Mpira na Kiti cha Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Mama Pacha, mwenzangu wa ofisini ninayempa lifti, amenihama. Hakugombana nami, angegombana, ningekuwa na la kujibu. Alisimama dirishani mwa gari langu, akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba harufu ya mpira unaoungua inamtia kichefuchefu, dada yangu usinielewe vibaya. Nikamwelewa vibaya. Akaingia kwenye gari la Mhasibu wa ofisi yetu. Gari jipya! Lina kiyoyozi! Mhasibu akanipungia vidole viwili tu, kama malkia aliyechoka.

Ieleweke ninachopoteza. Naishi peke yangu. Ofisini tunasahihisha vitabu vya shule, kila mtu na meza yake, na kimya ndiyo kanuni. Mazungumzo yangu yote hufanyika garini, asubuhi na jioni, na Mama Pacha. Asipopanda, naweza kufika Ijumaa sijatamka sentensi yenye kishazi tegemezi.

Azimio: harufu itoke, abiria arudi.

Jumanne, 5 Machi

Nimening'iniza manukato ya waridi garini. Matokeo: waridi linaloungua.

Nikabadili mbinu. Kwenye chumba cha chai nilimdokezea Mama Pacha kwamba huenda harufu inatoka kwenye gari la Mhasibu, na upepo ndio unaileta kwangu. Akaniuliza kama ninapata usingizi wa kutosha. Ninapata. Nilimweleza hivyo kwa ukamilifu, lakini alikuwa ameshachukua kikombe chake na kuondoka.

Jumatano, 6 Machi

Uchunguzi wa kisayansi. Chanzo ni tairi, breki, klachi au mkanda wa injini. Nilipiga magoti maegeshoni nikanusa magurudumu, moja baada ya jingine. Mlinzi akauliza, mama, umeangusha nini? Nikamweleza kwa kirefu, naye akasikiliza kwa kirefu. Mazungumzo bora ya wiki nzima.

Kisha Mhasibu akapita na Mama Pacha. Akapaza sauti: shoga, unaliomba gari radhi? Wakacheka wote wawili. Mama Pacha alicheka kidogo, naamini kwa adabu. Siwezi kuthibitisha.

Magurudumu hayana hatia.

Alhamisi, 7 Machi

Gereji. Nilimwambia fundi kwamba ni mkanda wa injini. Akasema yeye anaona klachi. Tukabishana kwa heshima. Mkanda ukabadilishwa. Tukazunguka mtaa: harufu iko palepale. Akasema, si nilikwambia, klachi hiyo. Klachi ikashughulikiwa. Tukazunguka tena: harufu iko palepale! Tukatazamana. Akasema labda ni pua yako, mama.

Nimelitafakari hilo njia nzima. Si hoja ya kupuuzwa.

Jumapili, 10 Machi

Leo sikuzungumza na mtu, isipokuwa muuza mkate, niliyemwambia asante. Nikarudi kumwambia tena.

Mchana nikafungua boneti mwenyewe. Nikainama hadi kiuno, pua mbele. Huko nyuma kabisa ya injini, juu ya bomba la moshi, nikaona kitu cheusi kimeyeyuka na kugandamana kama uji uliosahauliwa jikoni. Nikakitambua. Zulia langu la mpira, la mlangoni!

Nililikata mwenyewe mwezi uliopita, nikalitandaza chini ya boneti ili injini ipunguze kelele. Mama Pacha huzungumza kama mtu anayesimulia siri, na gari langu hunguruma kama mashine ya kusaga. Nilichoka kusema "eti?" kila baada ya neno. Kumbe zulia lilikuwa limeteleza. Wala sikulikumbuka wakati wote huu, kwa sababu sikulihesabu kuwa sehemu ya gari. Nililihesabu kuwa sehemu ya mazungumzo.

Kwa hiyo nilimfukuza kwa kitu nilichoweka ili nimsikie. Hitimisho hili ni nadhifu kupita kiasi; nalitilia shaka. Hata hivyo nimelikwangua zulia, lote.

Jumatatu, 11 Machi

Amerudi! Akanusa, akatabasamu, akaketi kiti cha mbele. Akazungumza njia nzima.

Sikusikia hata neno. Niliitikia kwa kichwa, nikacheka alipocheka, nikasema "kweli kabisa" pale nilipodhani panafaa. Aliposhuka akanishika mkono, akaniambia kwenye sikio: ndiyo maana nakupenda, dada, wewe hukatai kitu.

Nimekubali nini?

Jumanne, 12 Machi

Nimekubali kumbeba Mhasibu. Mumewe amelichukua gari jipya kwa safari zake za kikazi, haijulikani hadi lini. Mama Pacha amehamia kiti cha nyuma ili wasikilizane. Mimi mbele peke yangu, kama dereva wa maharusi.

Kwenye kioo niliona midomo yao ikienda. Mara moja walicheka, nami nikacheka. Wakanitazama.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepima jambo hili kwa utulivu. Wazo langu halikuwa na kasoro; kasoro ilikuwa mpira. Jana nilikata kipande cha godoro la zamani, sponji nene, nikakifunga chini ya boneti kwa waya kisiteleze. Nimejifunza kutokana na makosa.

Asubuhi injini ilinong'ona. Kimya kitamu! Nyuma, Mhasibu akalalamika kuhusu mawifi zake, na nikayafuata malalamiko yote hadi mwisho. Tulipokaribia ofisini, Mama Pacha akainama mbele, akauegemeza mkono wake begani kwangu, akauliza polepole: dada, mbona kama kuna godoro linaungua?

Mhasibu akafungua dirisha. Nikawafahamisha kwamba hiyo si harufu ya mpira, kwa hiyo lile tatizo la awali limekwisha. Hii itakuwa klachi.

Lakini nimemsikia. Neno kwa neno!