Cheti cha Kibulgaria

Jumatatu, 6 Agosti 1973
Nimerudishwa tena! Mara ya nne. Ofisi ya usajili wa madaktari kule Posta haitaki kusikia nimesoma miaka mingapi. Inataka tafsiri ya cheti. Cheti kimeandikwa Kibulgaria. Karani, Bi Benedikta, alikigeuza juu chini akaniuliza kinasomwa upande upi. Kibali changu cha kukaa nchini kinakwisha tarehe 20. Nisiposajiliwa, napelekwa Tabora kwenye makazi ya wakimbizi, nikalime. Miaka sita Sofia, nikashike jembe! Kwetu Bujumbura hakurudiki tangu mauaji ya mwaka jana. Mama sijui yuko wapi. Hilo siliandiki leo.

Jioni nikakutana na Isidori. Mchaga wa Kibosho, kaka yake ana duka la jumla hapa Kariakoo. Tulisoma pamoja Sofia. Mifupa yote ya mwili nilimfundisha mimi! Yeye kasajiliwa kwa wiki mbili. Akajitolea kunitafsiria cheti bure. Nimekataa. Nina heshima yangu.

Jumatano, 8 Agosti
Nimetafsiri mwenyewe. Nilipofika kwenye neno "daktari" nikaliona limepwaya, kama shati la kuazima. Nikaongeza: "bingwa wa upasuaji". Sasa limekaa vizuri. Dar nzima anayesoma Kibulgaria ni Isidori tu, na Isidori ana wagonjwa wake.

Ijumaa, 10 Agosti
Nimewasilisha. Bi Benedikta alisoma, akasimama, akanipa kiti. Kiti! Nikarudi Mtaa wa Sikukuu nikitembea katikati ya barabara. Nikamdokeza mwenye nyumba wangu, Bi Tatu. Kosa. Kufika adhuhuri uani kuna wagonjwa wanne. Sina ruhusa ya kutibu hata mafua. Nimewaelekeza hospitali, lakini kwa sauti ya bingwa.

Jumatatu, 13 Agosti


Sabaha, mpangaji wa chumba cha pili, ana mimba ya miezi minane. Asubuhi alikuwa anafua. Akalalamika kichwa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli. Nikatazama miguu: imevimba. Nikajua. Sijamaliza kumwambia Bi Tatu, Sabaha chini, mwili mzima unakakamaa. Wanawake wakasema ni shetani, uletwe ubani. Nikamlaza ubavu, nikapiga kelele itafutwe gari. Likapatikana la kaka yake Isidori, limejaa magunia ya maharage. Tukayashusha barabarani.

Hospitali nikamwambia nesi ni kifafa cha mimba, wasichelewe. Akanitazama kandambili.

"Wewe ni nani?"

Nikafungua mdomo. Bingwa hakutoka. Hata daktari hakutoka.

"Jirani," nikasema.

Akaniambia majirani wanasubiri nje. Nikasubiri nje, juani, mpaka saa tisa. Mama mzima. Mtoto mzima, wa kike. Nikakaa ukutani nikalia mbele za watu. Sijui hasa nilikuwa namlilia nani.

Alhamisi, 16 Agosti
Nimeitwa mbele ya Baraza la Madaktari! Nikavaa tai. Mezani wazee watatu, na pembeni yao, ole wangu, Isidori. Wamemwita ahakiki tafsiri.

Alisoma polepole bila kuniangalia. Akasema cheti ni cha kweli, cha daktari, tena alama ni za juu. Ila neno "bingwa" halioni. Mwenyekiti akaniuliza neno lile limetoka kwenye cheti au kichwani mwangu. Nikasingizia joto la Dar. Ni Agosti. Nilikuwa nimevaa sweta.

Isidori akaomba kusema. Akaeleza habari ya Sabaha, alivyoisikia kwa kaka yake: nani aliyeutambua ugonjwa, nani aliyeshusha magunia. Mwenyekiti akavua miwani. Akasema kwa uongo ule angenifukuza. Kwa ajili ya yule mama ananipa nafasi moja. Mwaka mmoja kwenye zahanati ya kijiji cha ujamaa Rufiji, chini ya mganga wa pale, kisha mtihani. Kibali kitaongezwa. Nijaze fomu, iwe kweli tupu, niirudishe Jumatatu.

Nje Isidori akanipa mkono. Nikampa vidole viwili.

Jumamosi, 18 Agosti
Bi Tatu kaniambia nimshukuru Mungu, Rufiji kuna samaki. Kuna na mamba, sikumwambia. Mwaka mzima! Isidori yuko mjini anavaa koti jeupe, mimi namfungulia mganga dirisha.

Nimejaza fomu kwa ukweli mtupu. Jina, kweli. Chuo, kweli. Cheo: daktari, basi. Sijawahi kuwa mkweli hivi, nimechoka kama niliyebeba tofali.

Halafu kipengele cha tisa: lugha unazozijua. Bi Benedikta aliniambia juzi kwamba wanaojua Kichina hawapelekwi vijijini. Wanabaki hapa mjini, kufanya kazi na madaktari waliotoka China.

Nimeandika: "Kichina, fasaha."

Najua kusema asante. Mengine nitajifunza njiani. Na hao madaktari wenyewe nimeulizia: ni watu wapole, hawana maneno mengi.